Benilde Atimiza Sitini Cádiz

Benilde Castañón alikuwa amesimama juu ya kiti katika kiduka cha ushonaji cha Dora, gauni jipya la rangi ya machungwa mwilini, pale alipoitangaza safari.

"Tunaenda Cádiz," alisema. "Sisi watatu. Fleti nimeshakodi. Nataka jua, nataka bajia za uduvi, nataka kukaa kitako kama malkia nisiguse hata sufuria. Mama nimemuuguza mpaka nimemzika. Huu mwaka wa sitini ni wangu."

Dora alikuwa amepiga magoti chini, anapima upindo wa gauni, pini kaziuma mdomoni. Pini moja ikamchoma ulimi. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto kidogo cha sponji alichofunga mkononi, na ladha ya damu ikamjaa kinywani.

"Mimi hata ukinipeleka Jehanamu nakuja," akasema Tina, aliyekuwa dirishani anakunywa kahawa. Tina aliendesha basi la Astorga na León mpaka alipostaafu, na mdomo wake haukuwa na breki. "Mradi kuna jua. Na wewe Dora, mbona umegeuka rangi ya jibini?"

"Ni kuinama," akasema Dora. "Damu imenishuka."

Watu wa Astorga walimjua Dora kuwa mjane. Alifika pale mwezi wa Januari, miaka mingi nyuma, theluji imefunika paa zote, hana koti, kitoto chake Noelia kimelala begani. Alikwenda sokoni kuomba kazi yoyote. Benilde, wakati huo msichana mwenye meza yake ya kwanza ya samaki, alimtazama, akavua aproni yake akampa, akamwonyesha masinia ya kusugua. Hakumuuliza swali hata moja, siku ile wala siku zilizofuata. Dora mwenyewe ndiye aliyesema kwamba mumewe alianguka kutoka kwenye jengo akafa. Mji uliamini. Kila Novemba padri alimwombea marehemu Fermín pamoja na wafu wengine, na Dora alipiga magoti pale kanisani na kuitikia amina.

Lakini Fermín hakuanguka kutoka jengo lolote. Dora alimwacha Cádiz, mzima wa afya, amelala chali anakoroma baada ya sherehe. Kule mtaani kwao La Viña alikuwa kipenzi cha watu. Aliimba katika kikundi cha karnivali, na sauti yake ikipanda, hata wazee waliokuwa wakigombana walinyamaza kumsikiliza. Wanawake walimwambia Dora: "Una bahati wewe, nyumba yako ina nyimbo." Nyumba ile mlango ukifungwa haikuwa na nyimbo. Fermín hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa na tabia ya kumshika Dora shingoni, kwa nyuma, vidole vimetulia kama anayemshika paka wake, halafu akasema naye sikioni huku anatabasamu. Mara moja alimvunja taya. Hospitalini waliambiwa ameanguka kwenye ngazi, na yeye Fermín ndiye aliyemlisha supu kwa kijiko, siku baada ya siku, wauguzi wakimsifu.

"Ukiondoka," alimwambia siku moja akimpangusa supu kidevuni, "nitakuja kukuchukua. Sitafanya haraka. Nitakuja ukishasahau."

Dora hakusahau, ndiyo maana alijiona salama.

Sasa angekataaje safari? Angesema anaumwa, Benilde angeiahirisha. Angesema hana nafasi, Tina angecheka mpaka soko zima lisikie. Na angewezaje kumwambia mtu aliyemvulia aproni yake mwenyewe kwamba amemdanganya tangu siku ya kwanza? Usiku na mchana alipiga hesabu za kujifariji. Fermín sasa ni mzee. Huenda amehama. Huenda amekufa kweli. Watu huwa wanakufa bila kutupa taarifa. Alijikuta akiliomba hilo, akaogopa kuomba, akaomba tena.

Wakaenda.

Cádiz iliwapokea kwa upepo. Levante ilikuwa inavuma, ule upepo wa mashariki unaowatia watu wa kule wazimu kidogo, unabeba mchanga na kofia za watu. Dora alivaa kofia aliyoifunga kwa mtandio, miwani ya jua iliyomfunika nusu ya uso, na koti alilolipandisha kola.

"Bibi wee," akasema Tina, "tumekuja kula sherehe au kuvunja benki?"

"Jua linaniumiza macho."

"Jua linakuumiza macho hata ndani ya lifti?"

Benilde alicheka mpaka akashika ukuta. Dora naye akacheka, kwa sababu asiyecheka huulizwa. Lakini kila walipoingia mkahawani alikimbilia kiti cha kuegemea ukuta. Kila walipopinda kona alikuwa ameshaitazama kona kabla yao. Mwanamume yeyote mwenye mvi, mabega mapana na kichwa kilichoinama upande kidogo, moyo wa Dora ulimrukia kooni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mji ule wote ulikuwa ung'ongo mtupu. Vichochoro vilikuwa vilevile. Harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa ileile. Hata vigae vya kizingiti fulani alivitambua, akashuka barabarani asivikanyage.

Wenzake walistarehe kama walivyokusudia. Waliamka walipotaka. Walikunywa kahawa mpaka ikawa chakula cha mchana, wakala bajia za uduvi zenye kingo nyembamba kama lesi, wakalala, wakaamka, wakatafuta kiti kingine juani. Siku ya pili upepo ulitulia, wakashuka ufukweni La Caleta. Benilde, aliyeuza samaki maisha yake yote katika mji usio na bahari, aliingia majini na gauni lake, akapiga kelele kama mtoto.

"Dora! Njoo! Maji haya yana uvuguvugu!"

Dora alivua viatu. Akavua na kofia. Wimbi lilimpiga magotini, Tina akamrushia maji, na kwa muda mfupi alicheka kicheko chake mwenyewe, kile ambacho hakuwa amekuja nacho. Alisahau.

Walipotoka pale, nywele zao bado mbichi, Benilde alitaka kuona soko.

Mbele ya meza za samaki Benilde alikuwa kama padri aliyezuru kanisa kuu. Alifungua mashavu ya samaki wa watu, akanusa, akabishana na wauzaji, wakapendana. Dora alimngojea kando, karibu na kibanda cha zeituni. Kofia ilikuwa ndani ya mfuko wa Tina.

"Dora?" ikasema sauti. "Dora wa Fermín?"

Nyuma ya mapipa ya zeituni alisimama mwanamke mnene mwenye hereni kubwa. Alikuwa amezeeka, lakini lile pengo la meno ya mbele lilikuwa lilelile. Chelo, binamu yake Fermín.

"Umenifananisha, mama," akasema Dora.

Lakini Benilde alikuwa ameshafika, mikono inanuka bahari, furaha imemjaa mpaka pomoni. "Eh! Unamjua Dora wetu? Dora, kumbe una watu huku na hukutuambia?"

"Niliwahi kufanya kazi huku," akasema Dora. "Zamani. Msimu mmoja."

Chelo alimtazama Benilde, akamtazama Dora, akatabasamu. "Msimu mmoja, ndiyo. Alikuwa na mtoto mdogo, mzuri kama ua. Hajambo yule?"

"Mtoto!" akasema Benilde. "Mtoto yupi tena? Noelia ni muuguzi, mama, hospitali kuu ya León, na ana mapacha wake wawili, watundu usiseme. Na mimi kesho natimiza sitini. Tunakula Casa Lebrero mchana. Pita upate keki, marafiki wa Dora ni wangu."

Kila neno lilianguka chini kama bilauri, na Dora alisimama pale akiyasikia yakivunjika. Chelo alifunga zeituni katika mfuko, akazipima kwa ukarimu, akakataa malipo.

"Zawadi," alisema. "Nitasalimia watu."

Jioni ile Dora alisema kichwa kinamuuma. Asubuhi, wenzake hawajaamka, alikunja nguo zake zote mkobani. Angepanda treni ya kwanza. Angewaachia neno lolote la uongo, mmoja zaidi hauzidishi kitu. Alikuwa anafunga zipu mlango ulipofunguliwa, akaingia Benilde na gauni la rangi ya machungwa, hereni za marehemu mama yake masikioni.

Alijizungusha polepole. Upindo ulikaa sawasawa, haukupanda wala haukushuka.

"Mama angenikemea kwa rangi hii," akasema, na machozi yakamtoka huku anacheka. "Dora, nilidhani sitafurahi tena. Haki ya Mungu nilidhani yameisha. Nashukuru umekuja. Najua hupendi kusafiri."

Dora alisukuma mkoba chini ya kitanda kwa mguu.

"Umependeza, shoga yangu," akasema. "Ngoja nikukatie huo uzi begani."

Casa Lebrero ilikuwa imejaa. Walipewa meza ya katikati, na safari hii ukuta ulikuwa mbali. Dora aliketi akiutazama mlango. Waliletewa pweza wa kukaanga, kisha mvinyo wa Jerez, kisha dagaa, naye alihamisha chakula kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine. Kila mlango ulipofunguliwa aliacha kupumua. Ilikuwa familia yenye mtoto. Alikuwa mwanamume anayeleta barafu. Ilikuwa upepo tu.

Keki ilikuja, taa za ukumbini zikapunguzwa, mhudumu akaanza kuimba wimbo wa siku ya kuzaliwa, na meza za jirani zikaitikia. Ndipo sauti moja ikapanda juu ya sauti zote, kutoka nyuma, kutoka mlango wa jikoni ambao Dora hakuufikiria. Ilikuwa imekwaruzika kidogo kwa uzee, lakini ilipanda vilevile. Watu waligeuka, wakapiga makofi. "Fermín! Fermín, tupe ubeti!"

Alikuja kati ya meza, gitaa la mwenye mkahawa mkononi, shati jeupe limepigwa pasi, mvi zimechanwa nyuma. Mzee mtanashati. Chelo alimfuata, simu mkononi, machozi ya furaha yanamlenga. Fermín alimwinamia Benilde kwa heshima, akagusa nyuzi, akatunga papo hapo, kama walivyozoea kule:

*Wametoka baridini, mabibi wenye haiba,*
*Mmoja ana sitini, moyo wake umeshiba,*
*Na mwenzake pembezoni, ndege aliyejiiba,*
*Leo karudi tunduni, mwenyewe kajaa huba.*

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Benilde alifunika uso kwa furaha. Tina alipiga meza. Dora alikaa na mikono mapajani, haihisi, kama mikono ya mtu mwingine iliyosahauliwa pale.

"Picha!" akasema Chelo. "Picha ya pamoja! Miaka yote hii, jamani!"

"Picha! Picha!" wakaitikia watu.

Fermín aliweka gitaa, akasimama nyuma ya kiti cha Dora. Mkono wake ukamshuka shingoni. Vidole vilijua pa kukaa. Aliinama, akatabasamia simu, akasema sikioni mwake, kwa upole:

"Nasikia mimi ni babu. Mapacha. León si mbali, Dorita, nitamzuru yule muuguzi wangu."

Kitu cha moto kikavuja kwenye mapaja yake, na Dora akaelewa kwamba amejikojolea. Mwanamke wa miaka yake, mbele za watu. Aibu hiyo ingemmaliza siku nyingine yoyote. Lakini sikioni bado mlikuwa na lile neno muuguzi, na hofu yake ikageuka ikawa hofu nyingine kubwa zaidi, na hiyo ya pili ikaisukuma ya kwanza.

"Toa mkono," akasema.

Vidole vikabana. "Tabasamu, wanapiga picha."

"Toa mkono!"

Watu walicheka, wakidhani ni utani wa wapendanao wa zamani. Dora hakuwatazama. Alimtazama Benilde.

"Benilde, mimi si mjane. Huyu ndiye mume wangu. Hakuanguka popote. Hili taya langu alilivunja yeye. Siku ile uliponipa aproni nilikuwa namkimbia huyu."

Alisema polepole, na sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ukumbi ulikuwa umeshaanza kunyamaza.

Benilde aliinuka. Hakupiga kelele. Mikono yake ilikuwa mikubwa, myekundu kwa barafu ya miaka yote ile, na alizunguka meza akavishika vidole vya Fermín shingoni mwa Dora, akavibandua kimoja kimoja, kama mtu anayemtoa kaa kwenye wavu.

"Mama," akasema Fermín, bado anatabasamu, "kwa sitini usije ukaumia. Hii ni ya mke na mume."

"Niumize basi," akasema Benilde. "Hapa mbele za watu. Waonyeshe."

Hakuna aliyejongea. Hakuna aliyemtetea Dora pia. Hilo Dora aliliona na hakulisahau. Wahudumu walitazama sakafu. Ni Chelo aliyefungua mdomo, simu imeshuka kiunoni.

"Fermín, ulituambia alitoroka na mwanamume."

"Nyamaza, Chelo."

Ilikuwa sauti nyingine. Haikuwa ya gitaa. Chelo alirudi nyuma hatua, na usoni mwake Dora aliona kitu alichokijua vizuri: mtu anayehesabu umbali wa mlango.

"Polisi wako njiani," akasema Tina, simu sikioni. "Nimewapa na jina. Wanasema uwasubiri, bwana mwimbaji, kama huna haraka."

Fermín alivuta kola ya shati lake. Aliwaaga watu wa meza za jirani kwa kichwa, kama mtu anayeondoka kwenye tamasha, akatoka kwa mlango wa mbele. Lakini hakwenda. Kupitia kioo walimwona upande wa pili wa uwanja, ameegemea nguzo ya taa, anawasha sigara, anawatazama. Alikaa hapo mpaka gari la polisi lilipoingia mwisho wa barabara. Walipotazama tena nguzo ilikuwa peke yake.

Hiyo ndiyo iliyomtia Dora hofu kuliko wimbo: kutomwona.

Tina alimfunga koti lake kiunoni bila kusema kitu, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Polisi wa kike aliwasindikiza kwenye fleti, akaandika maelezo, akawapeleka mpaka stesheni. Ndani ya treni Dora aliomba kiti cha ndani, Benilde akakaa cha nje, Tina mbele yao akiulinda mlango wa behewa kama bado analipwa. Kila stesheni Dora aliwakagua waliopanda, viatu kwanza, kisha mikono, kisha nyuso.

"Nimekuharibia siku yako," alisema walipopita Sevilla.

"Siku gani? Sitini inakaa mwaka mzima."

"Nilikudanganya miaka yote, Benilde. Padri anamwombea mtu aliye hai!"

"Mwache amwombee," akasema Tina. "Anahitaji."

Benilde hakucheka. Aliangalia nje, mashamba ya mizeituni yanarudi nyuma. "Mimi ndiye niliyemwambia kuhusu Noelia," akasema. "Pale kwenye zeituni. Mdomo wangu."

"Hukujua."

"Sikujua kwa sababu sikuuliza. Nilijiona mstaarabu kwa kutouliza." Akamshika mkono. "Sasa mpigie mwanao. Sasa hivi, kabla yule hajatangulia."

Kumpigia Noelia ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko kusimama mbele ya Fermín. Dora aliongea akiwa amefunika simu kwa kiganja. Upande wa pili ilisikika sauti ya mtoto analilia maziwa.

"Umenizikia baba akiwa hai," akasema Noelia. "Nimemwekea maua, Mama. Nikiwa mdogo nilimwekea maua."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na sasa anakuja."

"Sijui. Huenda. Usifungue mlango."

Noelia alikata simu. Hakumpigia mamake kwa wiki nyingi, ingawa siku ileile alibadilisha kufuli na kuwaarifu walinzi wa hospitali. Alipokuja Astorga hatimaye, alikuja na mapacha, akawakabidhi kwa Tina, akavuta kiti mbele ya cherehani. "Nieleze," akasema. "Kuanzia mwanzo. Usinipunguzie." Dora alimweleza, na walipomaliza, kahawa ilikuwa imepoa na hakuna aliyeigusa.

Kesi ilipoitwa, Chelo alijitokeza mahakamani kusema aliyoyaona na aliyoyasikia, wakili wa Fermín akimbana. Hakimu alimkataza Fermín kuwakaribia Dora na mwanawe. Ni karatasi, na Dora alijua karatasi haina mikono. Mpaka leo hajaja. Huenda amezeeka kweli, huenda kiburi chake kilitaka watazamaji tu. Huenda hafanyi haraka. Dora hajui, na watu wanaomwambia "yameisha" anawaacha waseme.

Padri alimfuta Fermín kwenye orodha ya wafu. Soko zima linajua habari, na wauza mboga wamejifunza kutazama sura ngeni. Jioni Benilde hufunga meza yake, akapita kumchukua Dora, wakatembea pamoja mpaka nyumbani wakigombana kuhusu chakula. Majira ya baridi yaliyofuata, giza limeingia mapema, Benilde amechelewa, mtu alibisha hodi kidukani. Dora alizima cherehani.

"Nani?"

"Mimi, mama. Nimeleta suruali, inanifagia chini."

Sauti ya kijana, lafudhi ya pale pale. Dora alishika mkasi mkononi, akafungua mlango, mnyororo bado umefungwa, akamwambia apitishe suruali hapo kwenye upenyo.